Kabla ya kugusa simu yake, anza na simu yako

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 21, miezi miwili iliyopita alijaribu kujitoa uhai, tukamuwahi, akalazwa, sasa karuhusiwa na amerudi chuo, mimi nipo mji mwingine kikazi. Usiku halali, yupo onlaini mpaka saa tisa, nikimuuliza anasema yuko poa. Nimesikia kuna apu za kuzuia watu wasijiue na kuna akili mnemba inayosoma meseji za mtu ikajua anawaza nini. Rafiki yangu kanishauri nimuwekee apu ya kumfatilia bila yeye kujua, niwe naona anachoandika na yuko wapi. Teknolojia inaweza kweli kumlinda? Na nianze na ipi?"

Marahaba mwanangu. Pole kwanza, najua miezi miwili ya namna hii inavokuwa, mtu unalala simu iko chini ya mto na ikilia tu moyo unaenda mbio hata kama ni meseji ya matangazo. Mlimuwahi, yupo hai, na kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi siku ya kuruhusiwa hospitali: wengi sana wa waliojaribu kujiua wakanusurika hawafi kwa kujiua baadae, tafiti zilizowafatilia kwa miaka zinaonesha ni kama 9 kati ya 10. Ila sitakuficha upande wa pili, wiki na miezi ya mwanzo baada ya kutoka hospitali ndo kipindi chenye hatari kubwa kuliko vyote, kwa hiyo umeuliza kwa wakati wake kabisa.

Jibu ni ndio, teknolojia inaweza kusaidia, na kuna vitu vimepimwa vikaonekana vinafanya kazi. Lakini kila nilichokiona kinafanya kazi kinafanya kazi kwa sababu mwisho wa waya kuna mtu. Simu yenyewe haimshiki mtu mkono, inachofanya ni kufupisha njia kati ya yeye akiwa kwenye saa mbaya na binadamu atakaemjibu. Ukiliweka hilo kichwani utaweza kuichambua apu yoyote mtu atakayokuletea, unajiuliza tu, hii inamfikisha kwa nani?

Sasa hiyo saa mbaya nikueleze ikoje maana watu wanaidhania vibaya, wanadhani mtu anapanga wiki nzima na dalili zinajipanga mstari. Wapo wa hivo, lakini kuna utafiti wa Austria uliochapishwa 2009, waliulizwa watu 82 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu, na karibu nusu wakasema tangu wazo lile lilipowashika mpaka wanachukua hatua zilipita dakika 10 au pungufu. Dakika kumi mwanangu. Humo ndani hakuna mtu anaeanza kutafuta namba mtandaoni, kulinganisha apu, kudaunlodi, kujaza jina na neno la siri. Kitakachomsaidia ni kile ambacho kilishawekwa kwenye simu mapema, siku ambayo akili yake imetulia, na kinafunguka kwa kubonyeza mara moja. Ndo maana mimi nawaambia watu kazi yote ya teknolojia hapa inafanywa mchana, kwa ajili ya usiku.

Na simu ya kwanza kuitengeneza ni yako wewe. Najua hukutegemea hilo. Leo hii ingia kwenye seting za simu yako, sehemu ya Usisumbue, weka namba ya mdogo wako kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kukupata hata kama simu iko saileti, simu karibu zote za kisasa zina hicho kitu. Kisha mwambie. Mwambie hivi hivi, "nimeweka namba yako, hata nikiwa nimelala simu italia, hata saa tisa." Nimekutana na vijana wengi ambao waliniambia usiku ule walimfikiria mtu mmoja wa kumpigia, afu wakasema moyoni atakuwa amelala, nitamsumbua, na hawakupiga. Hiyo sentensi, nitamsumbua, ndo adui yako mkubwa kuliko kitu chochote kilichopo mtandaoni, na unaiondoa kwa seting ya dakika mbili na maneno machache.

Pili, meseji. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu yenye ushahidi mzuri na watu wanaidharau kwa kuwa ni rahisi mno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na daktari wa akili San Francisco anaitwa Jerome Motto, alichukua watu 843 waliokuwa wamelazwa kwa mawazo ya kujiua au sonona kali na baada ya kutoka wakakataa kuendelea na matibabu, akawagawa mafungu mawili bila kuchagua, fungu moja likawa linatumiwa barua fupi, mistari michache tu, kwamba tunakukumbuka, tunatumaini mambo yanaenda, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Hakuna kudai chochote, hakuna "umekunywa dawa?", hakuna "mbona hukuja kliniki?". Barua 24 kwa miaka mitano. Miaka miwili ya mwanzo waliotumiwa barua walikufa kwa kujiua kwa kiwango kidogo kuliko wale wengine, tofauti ilionekana wazi. Karatasi na stempu, basi.

Shirika la Afya Duniani likaja kupima wazo linalofanana na hilo kwenye nchi tano, Brazili, India, Sri Lanka, Irani na China, watu 1,867 waliofika hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu moja ikapata huduma ya kawaida, nusu nyingine wakaongezewa mazungumzo ya kama saa moja kabla ya kuondoka na kisha wakawa wanapigiwa simu au kutembelewa, mara 9 ndani ya miezi 18. Matokeo yalitoka 2008: kwenye huduma ya kawaida waliokufa kwa kujiua walikuwa 2.2%, kwenye waliofatiliwa 0.2%. Simu tisa. Mimi hizi namba nimezisoma miaka mingi na kila nikizirudia nashangaa kwa nini hospitali zote hazifanyi.

Baadae watafiti wengine wakalipima wazo hilo kwa meseji za simu, wanajeshi 658 wa Marekani, meseji 11 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2019. Nikwambie ukweli wake wote, lile lengo kuu walilolipanga kupima halikuonesha tofauti, lakini waliojaribu kujiua ndani ya mwaka huo walikuwa 9% kwa waliotumiwa meseji na 15% kwa wasiotumiwa. Kwa hiyo usije ukadhani meseji ni chanjo, ni uzi mwembamba. Ila mtu aliyeshikiliwa na nyuzi nyembamba kumi hadondoki kirahisi.

Sasa angalia meseji unazomtumia wewe. Umeandika kwamba unamuuliza na anasema yuko poa. Naweza kukisia unamuandikia nini: "umekula?", "umelala?", "umekunywa dawa?", "mbona uko onlaini saa hizi?" Kila moja ina upendo ndani yake na kila moja kwake inasomeka kama karatasi ya mahudhurio, ana jibu moja tu la kukuridhisha, niko poa. Badilisha. Mtumie picha ya kitu kilichokukumbusha utoto wenu, voisinoti ya sekunde ishirini ukicheka, mtumie "nimepita mahali nimekukumbuka, huna haja ya kujibu." Hilo neno la mwisho liandike kabisa, huna haja ya kujibu, linamuondolea deni. Weka rimainda kwenye kalenda yako, mara mbili kwa wiki hivi, kwa sababu mwezi wa kwanza utakumbuka mwenyewe na mwezi wa tano kazi zitakubana, na mwezi wa tano bado anahitaji.

Na mara mojamoja uliza swali lenyewe bila kulizungusha. Mkiwa kwenye simu ya sauti, sio kwenye chati kama unaweza: "mdogo wangu, yale mawazo ya kujiua yamerudi?" Sio "unawaza vibaya?", maana kuwaza vibaya kunaweza kuwa chochote na yeye atajificha humo humo. Watu wanaogopa kwamba ukilitaja unampandikizia, hapana, hilo limepimwa, kuna utafiti wa 2005 wa wanafunzi 2,342 wa sekondari huko Marekani, nusu wakaulizwa kuhusu kujiua na nusu hawakuulizwa, walioulizwa hawakupata mawazo hayo zaidi ya wenzao. Akisema ndio, usipayuke, usimhubirie, uliza linalofuata, usiku huu uko salama? kuna njia ulishaifikiria? hicho kitu kipo karibu na wewe? Akikwambia usiku huu hayuko salama basi mambo ya apu yameisha hapo, usikate simu, tumia simu ya pili kumpigia mtu aliye karibu nae kimwili aende akakae nae na kumpeleka hospitali, au piga namba ya dharura. Kwa hiyo namba ya mtu wa karibu nae unatakiwa uwe nayo tayari, rumeti wake, mlezi wa wanafunzi, ndugu anaeishi mji huo. Hiyo nayo ni teknolojia, namba mbili zilizosevuwa.

Tatu ni mpango wa usalama. Huu ndo unaobebwa ndani ya zile apu ulizosikia, kwa hiyo uelewe wenyewe kabla ya apu. Ulitengenezwa na Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani na ni karatasi moja yenye hatua sita ambazo mtu anazijaza kwa maneno yake mwenyewe, yaani dalili gani zinanionesha ile hali inakuja, nifanye nini mwenyewe kujituliza, niende wapi au nikae na nani ili akili ihame, nimwambie nani kwamba sipo sawa, mtaalamu gani na laini gani ya msaada, na jinsi ya kuweka mbali vile vitu ninavyoweza kujidhuru navyo. Walipoupima kwenye vyumba vya dharura vya hospitali tisa za wanajeshi wastaafu, watu 1,640, wakiuunganisha na simu za kufatilia baada ya kuondoka, ndani ya miezi sita vitendo vya kujiua vilikuwa pungufu kwa 45% kulinganisha na huduma ya kawaida, ilichapishwa 2018.

Apu nzuri zinauweka huu mpango kwenye simu. Beyond Now ya Australia ni hivyo, Stay Alive ya Uingereza ni hivyo na inampa mtu sehemu ya kuweka picha za sababu zake za kuishi. Ni za Kiingereza, na mtu akiwa kwenye dhiki anatafuta maneno ya lugha anayolia nayo, kwa hiyo mimi mara nyingi naishia kumuambia mtu afungue noti ya kawaida kwenye simu yake tuandike hapo, tuipini juu kabisa, tuweke njia ya mkato kwenye skrini ya kwanza. Kijana mmoja niliyemsaidia kwenye dalili hakuandika "huzuni", aliandika "nikianza kufuta picha zangu kwenye galari". Nikamuuliza kwa nini hiyo, akasema mara zote mbili ndo kilichotangulia. Daktari hawezi kulijua hilo wala mashine, anaelijua ni yeye. Kwenye hatua ya kujituliza akaandika kuoga maji ya baridi na rekodi ya bibi yake akisimulia, dakika nne, akaiweka linki yake palepale chini ya mstari. Kwenye watu akaandika wawili, na pembeni ya kila jina tukaweka namba inayopiga ukibonyeza. Mpango wa mtu unatakiwa uwe wa kwake hivo, ukisoma usijue ni wa mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo na wewe usimjazie. Kaa nae hata kwa video, muulize, aandike yeye, afu muombe ruhusa ya kubaki na nakala. Mkubaliane na alama moja kwa zile dakika ambazo mtu hawezi hata kutunga sentensi, nukta moja, namba, emoji yoyote, ikija hiyo wewe unapiga, huulizi kwa meseji, unapiga.

Kuhusu laini za msaada na chati. Laini ya Samaritans ilianza London 1953, mchungaji mmoja anaitwa Chad Varah na simu yake, na kutoka pale wazo likasambaa dunia nzima, Marekani tangu Julai 2022 wana namba ya tarakimu tatu, 988, inapokea simu, meseji na chati. Tovuti ya Find A Helpline inakuorodheshea laini za nchi nyingi na unaweza kuchuja kama unataka simu au maandishi. Vijana wengi wanapenda maandishi, wengine kwa sababu rumeti yupo kitandani pembeni, wengine sauti inakuwa haitoki. Niliwahi kuwa zamu ya usiku kwenye chati ya namna hiyo, mtu akaingia, nikasalimia, nikaona "anaandika..." inatokea inapotea, inatokea inapotea, dakika kama kumi na moja hakuna kitu. Nikaandika, naona unaandika na kufuta, sina haraka, nipo. Ikaja neno moja, "sawa". Afu kimya tena. Tulimaliza karibu na alfajiri na kitu cha mwisho aliandika ni kwamba anaenda kumuamsha mama yake. Naandika hivi ili umueleze mdogo wako kinachotokea ukiingia kule, maana wengi hawapigi wakidhani polisi watatumwa mlangoni, wakati kwa 988 mawasiliano yanayofikia kutumiwa watu wa dharura ni chini ya 2 kati ya 100, mengine yote yanaisha kwa kuongea.

Ila namba yoyote kabla hujaiweka kwenye simu yake, ipige wewe. Mimi niliumia kwa hili, nilimpa mama mmoja namba niliyoikuta kwenye apu iliyokuwa inasifiwa, akapiga kwa ajili ya binti yake ikaita mpaka ikakata, mara nne, na akarudi kwangu na macho ambayo siyasahau. Baadae mwaka 2019 watafiti wakachapisha uchambuzi wa apu 69 za sonona na kuzuia kujiua, apu 6 zilikuwa na namba ya msaada yenye makosa, na mbili kati ya hizo zilishadaunlodiwa zaidi ya mara milioni moja. Kwenye hizo 69, zilizokuwa na mikakati yote sita ya kuzuia kujiua inayopendekezwa na wataalamu zilikuwa 5. Kwa hiyo nyota nyingi kwenye duka la apu zisikubabaishe. Piga, sikiliza kama wanapokea, uliza wanafanya kazi saa ngapi, wanaongea Kiswahili au la, kisha ndo usevu.

Sasa tuje kwenye ushauri wa rafiki yako. Usifanye. Najua umetoka kwenye hofu na sikulaumu hata kidogo, lakini fikiria siku atakapoigundua, na ataigundua, vijana wa umri ule wanazijua simu kuliko sisi. Siku hiyo atakuwa amejifunza kwamba mtu aliyekuwa anamuamini alikuwa anasoma maneno yake kwa siri, kesho yake ataandika kwenye akaunti usiyoijua na kwako atabaki "niko poa" milele. Amefikisha miaka 21, sehemu nyingi kumuwekea mtu mzima kitu kama hicho kwa siri ni kosa kisheria pia, lakini hata isingekuwa kosa ningekukataza. Kama lokesheni inakutuliza, muombe. WhatsApp inaruhusu kushea lokesheni ya moja kwa moja kwa dakika 15, saa moja au masaa 8, mnaweza kukubaliana kwamba siku akijisikia vibaya anaiwasha usiku anapoelekea kulala na asubuhi inazima yenyewe. Anaiwasha yeye. Tofauti ni kubwa sana.

Na ile akili mnemba ya kusoma meseji ikajua anawaza nini, haipo ya kuamini namna unavyodhani. 2017 watafiti walikusanya tafiti 365 za miaka 50 kuhusu kutabiri nani atajiua, wakakuta uwezo wa kutabiri ulikuwa bora kidogo tu kuliko kurusha shilingi. Mifumo ya kompyuta ya siku hizi imejaribu kusogeza mbele, Facebook tangu 2017 wana mfumo unaopitia posti kutafuta dalili kisha wafanyakazi wanaangalia, na kwenye nchi za Umoja wa Ulaya mwanzoni mfumo huo haukutumika kwa sababu ya sheria za faragha. Mimi siupingi, posti ya kumuaga kila mtu ikionwa mapema ni bora kuliko isipoonwa. Lakini angalia watu wetu wanavyoandika. Nani anaandika nataka kufa? Anaandika "nimechoka na hii dunia", "msinitafute", "nisameheni nyote niliowakosea", "acha nipumzike", na mtu mwingine anaandika maneno hayohayo kwa sababu timu yake imefungwa. Mashine nyingi zimefunzwa kwa lugha kubwa za dunia, Kiswahili chenye mafumbo, kimechanganywa na lugha ya mtaani, kinazipita. Wewe uliyekua nae nyumba moja hakikupiti, unajua akisema "acha nipumzike" kwa sauti gani ni utani na kwa sauti gani sio. Ukikutana na posti ya hivo, ya kwake au ya mtu yeyote, usijibu kwenye komenti mbele za watu, mfate inboksi au mpigie, na kitufe cha kuripoti kipo, kibonyeze, haimfungi mtu, kazi yake ni kumletea taarifa za msaada.

Kuna kingine hukukiuliza lakini nahisi kipo, kwa sababu umesema yupo onlaini mpaka saa tisa. Inawezekana anaongea na akili mnemba. Wanafanya hivo wengi kuliko wazazi wanavyojua, Oktoba 2025 OpenAI wenyewe, kampuni inayotengeneza ChatGPT, walitoa makadirio kwamba katika wiki moja, kama 0.15% ya watumiaji wa ChatGPT wana mazungumzo yenye dalili za wazi za mipango au nia ya kujiua, na kwa watumiaji zaidi ya milioni 800 kwa wiki hiyo ni zaidi ya watu milioni moja. Nawaelewa, ile kitu haichoki, haishangai, haimwambii mama. Lakini haijui kama umenyamaza kwa sababu umelala au kwa sababu nyingine, haiwezi kuja kugonga mlango, na ina tabia ya kukubaliana na wewe, sifa ambayo kwa mtu aliyeshuka kabisa ni hatari, na Marekani zipo familia zilizofikisha kampuni mahakamani baada ya kufiwa na watoto waliokuwa wakiongea na programu hizi. Usimnyang'anye. Muulize bila kumhukumu, "huwa unaongea nayo nini usiku?" Mimi nimewahi kumwambia kijana anioneshe mazungumzo yake kama akipenda, akanipa simu, na humo ndani kulikuwa na kila kitu ambacho alishindwa kuniambia kwa wiki sita. Tukaanzia hapo. Kama ameshaweza kuliandika kwa mashine, ameshafika nusu ya njia ya kukwambia wewe.

Hizo kurasa anazoziskroli usiku nazo zina lake, akikaa sekunde nyingi kwenye video za huzuni mfumo unamletea nyingine tano. Anaweza kubonyeza "sipendezwi na hii" au kurisetisha mapendekezo, dakika tatu. Usingizi wenyewe ni wa kwenda nao kwa daktari wake, kukosa usingizi kunaongeza hatari na kunatibika, kwa hiyo tarehe ya kliniki ijayo iwe kwenye kalenda zenu zote mbili.

Na faragha, neno moja kabla hajajaza chochote kwenye apu: nani anashika hayo maandishi? Mwaka 2022 iligundulika Crisis Text Line ya Marekani, huduma nzuri tu ya msaada kwa meseji inayosaidia watu wengi, ilikuwa inashea data za mazungumzo zilizoondolewa majina na kampuni ya kibiashara iliyozaliwa kutoka humohumo, watu wakapiga kelele wakaacha. Kwa hiyo soma. Apu inayotaka kontakti zote na picha zote ili tu imuwekee mtu mpango wa usalama, achana nayo, noti ya simu inatosha.

Kwa leo usifanye vyote hivi, utachoka na utamchosha. Weka ile seting ya simu yako. Tafuta namba ya rumeti wake. Afu mtumie kitu kama hiki, kwa maneno yenu ya nyumbani: "Nimeacha kukuuliza kama umekula, najua inakuchosha. Nimeweka simu yangu, ukipiga saa yoyote italia hata nikiwa nimelala. Jumamosi nataka tuongee kwa video, kuna kitu nataka tuandike pamoja. Huna haja ya kujibu." Ukishatuma, iweke simu chini, usikae unasubiri tiki ziwe za bluu. Na baada ya hiyo Jumamosi niandikie tena, uniambie kwenye ule mstari wa dalili aliandika nini, kama atakuruhusu kuniambia.